Subira ya Mtoto Isiwe Kisingizio Chetu



Kuna binti wa miaka 11 mtaani kwetu. Tingatinga lilipita kwao alfajiri, na kabla jua kupanda nyumba ilikuwa rundo la mabati yaliyokunjamana. Tangu siku hiyo analala na mamake na mdogo wake kwenye chumba cha nyuma cha madrasa. Mama amegeukia ukuta. Haongei, hali, hatoki. Binti ndiye anachota maji, anapika uji, anamvisha mdogo wake, anamfunika mama shuka, halafu anaenda shule. Mwalimu akiuliza, anasema mama ana malaria.

Nilipoeleza haya kwenye kikao cha vijana, mmoja akasema, "MashaAllah, huyo mtoto ana subira!" Wote tukaitikia, hata mimi. Kisha tukaenda zetu nyumbani. Hapo ndipo penye aibu. Tulimsifu, tukaona tumemaliza kazi.

Wewe unayesoma, jiulize: ni mara ngapi umelaiki stori kama hii, ukaandika "Allah amfanyie wepesi", ukasonga mbele? Dua ni silaha, sikatai. Lakini mtoto hakuchagua kuwa jasiri. Amelazimishwa, kwa sababu watu wazima wamekosekana.

Na msiniambie mamake ana imani ndogo. Nabii Yaqub (AS) alimlilia mwanawe mpaka macho yakaingia weupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilipungua? Mtume wetu (SAW) alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Huzuni iliyomlaza mama huyu imekuwa ugonjwa, ile tunaita depresheni, na ina matibabu. Msomeeni ruqya, sawa, lakini mpelekeni na hospitali.

Sasa twende kwa wenye nguvu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na watoto walindwe watu wanapohamishwa. Yote yameandikwa. Lakini Mei 2020, katikati ya Ramadhani, corona na kafyu, maelfu walibomolewa Kariobangi, wakaambiwa na serikali hiyo hiyo "kaeni nyumbani". Nyumbani gani?

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya serikali. Kuna wenye nyumba wanaswali safu ya kwanza na kufunga mlango wa mjane kwa kodi ya mwezi mmoja. Kuna kamati za misikiti zinazochanga haraka kwa zulia jipya, lakini familia iliyolala nje inaambiwa ingoje kikao.

Kwa hivyo, vijana, tufanye haya. Moja, Ijumaa hii muulize imamu na kamati: zaka ya mwaka jana ililipia kodi familia ngapi? Uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila jibu. Mbili, mkisikia fununu ya kubomolewa, ombeni kuiona notisi, ipigeni picha, tafuteni wakili mapema. Tingatinga likishafika, mmechelewa. Tatu, gawaneni zamu kwa familia moja: huyu apeleke chakula, yule amsindikize mama kliniki, mwingine akae na mtoto mdogo.

Na mkikutana na binti kama huyu, msimwambie yeye ni jasiri. Muulizeni kama amekula. Kisha mwambieni, "Leo tutakaa na mama sisi. Wewe nenda ukacheze."