Gofu Si Mchezo wa Wenye Nyota Peke Yao

Itajwapo gofu kambini, askari wengi hucheka. Huo, husema, ni mchezo wa wakubwa wenye nyota mabegani na wafanyabiashara wenye vitambi. Nami nilikuwa na fikira hizo tangu nikiwa mwanafunzi wa uofisa, hata nilipoalikwa Kitante, kwenye uwanja wa Klabu ya Gofu ya Uganda, klabu ya wanachama iliyoanzishwa Kampala mwaka 1908.

Uwanja huo wa mashimo 18 umelala bondeni chini ya kilima cha Kololo, nyasi zimekatwa vizuri, miti mirefu imeachwa isimame. Kuuzunguka wote kwa miguu ni mwendo wa kilomita zisizopungua 6. Shimo lina upana wa milimita 108 tu. Anayedhani kwamba shabaha ni ya bunduki peke yake, na ajaribu kuutia mpira humo kutoka hatua tatu.

Lakini lililonigusa ni sheria. Kwa kawaida hakuna refa anayekufuata kichakani. Mpira wangu uliangukia chini ya mti, na nilipokuwa nikiondoa majani ulisogea kidogo. Aliyeona ni kijana aliyenibebea mfuko tu, naye akatazama pembeni. Nikaurudisha mahali pake, nikajiandikia mkwaju mmoja wa adhabu. Nakiri kwamba nilisita kwanza. Sisi tunaokabidhiwa silaha, mafuta ya magari na majalada ya washitakiwa twakujua vyema kusita huko.

Sasa nageukia aibu yangu. Sajini aliyeniendesha alikaa garini kwa muda wa saa nne, wala sikukumbuka kumwuliza lolote. Njiani kurudi akanieleza kwamba utotoni alibeba mifuko ya wachezaji, na akanisahihisha namna ninavyoshika fimbo. Alisema kweli. Wachezaji wengi hodari wa Uganda walianza kwa kubeba mifuko.

Sidai klabu ya watu binafsi ifungue malango yake bure. Ina gharama zake na wenyewe. Nauliza kuhusu sisi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake Lugalo, Dar es Salaam. Zipo kambi zetu zenye ardhi ya kutosha mashimo matatu ya kuanzia, na mapanga ya kufyekea yamo ghalani. Fimbo kuukuu nitatoa mbili zangu. Mwalimu wa kwanza ninaye: ndiye sajini yule.