Kona ya Neno: Stesheni au Kituo?

Neno la toleo hili tumeliokota relini.

Jumamosi moja ya Novemba tulipanda treni hapa Flemingsberg, tukabadilisha Södertälje hamn, tukashuka Mölnbo, kijiji kilicho kabla ya Gnesta. Tulikuwa tumealikwa chakula. Treni ikaondoka, tukabaki na jukwaa, kibanda cha kujikinga na upepo na ubao wa saa. Hakuna mfanyakazi wala dirisha la tiketi. Reli hiyo ndiyo iendayo Göteborg, ilikamilika mwaka 1862, na treni za mwendo kasi hupita hapo bila kusimama.

Mwenzetu mmoja, aliyefika kutoka Tabora mwezi wa Agosti, akauliza, "Sasa stesheni masta yuko wapi?" Tukacheka.

Jioni alitangulia kurudi peke yake. Kwenye ubao, mbele ya saa ya treni yake, pameandikwa *Inställt*. Alidhani ni jina la mji treni inakokwenda! Akasubiri gizani, simu imezima, treni haiji. Aliyemwokoa ni kijana aliyekuja kumpokea mama yake: akamweleza kwamba treni ile imefutwa, akamwonyesha ya kupanda. Aliposimulia, hatukucheka tena.

Swali lake tumelichukua kama swali la lugha. *Stesheni* tumeikopa kwa Kiingereza, nayo haitembei peke yake: ina stesheni masta, bendera ya kijani na tiketi. Mtu wa Tabora, mji uliofikiwa na Reli ya Kati mwaka 1912, ana haki ya kuuliza. Dar es Salaam, ukimwambia konda wa daladala "Stesheni", anajua ni ile moja ya mjini. Treni ya jiji ilipoanza Oktoba 2012, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe, kwingine ilikosimama, kama Buguruni kwa Mnyamani, hapakuitwa stesheni. Palikuwa vituo tu.

Na *kituo* kinatokana na kutua. Ndege hutua mtini, ubeti wa shairi hutua kwenye mstari wake wa mwisho, nao washairi huuita kituo. Hapo Mölnbo ni kituo kamili, maana treni imetua na abiria wameshuka.

Lakini kitenzi hiki kina upande wa pili. Mtu humtua mwenzake mzigo. Ndiyo maana kwetu mradi wa maji huitwa kumtua mama ndoo kichwani: ndoo ikijaa, anatafutwa mtu wa kuishika upande mmoja. Kwa maana hiyo, Saranda, wilayani Manyoni, ni kituo hata kama ofisi imefungwa. Treni ikisimama, wauza kuku wako dirishani, na ukiwauliza lolote utajibiwa. Mölnbo palikuwa kituo cha namna hiyo kwa dakika tano tu, alipokuwepo yule kijana.

Wenyeji wa hapa nao wanalijua jambo hili. Aprili 2023 madereva wa treni za Stockholm waligoma siku tatu kupinga mpango wa kuondoa makondakta ndani ya treni. Mahali ambapo jukwaani hakuna mtu, kondakta ndiye wa mwisho wa kuulizwa.

Sisi hatuwezi kuajiri stesheni masta. Tunaweza, hata hivyo, kumtua mgeni sehemu ya mzigo wake. Wageni wa muhula wa Januari tutawapokea na karatasi yenye maneno manne: *inställt*, imefutwa, *försenat*, imechelewa, *spår*, njia ya treni, *ersättningsbuss*, basi la badala ya treni. Chini yake tutaandika namba ya simu ya mwanachama mmoja atakayepokea hata usiku. Maneno tunayo tayari. Anayetaka namba iwe yake aje kikao kijacho.