Kausi si sayari

Kausi si sayari. Kausi ni upinde, nayo ni buruji ya tisa katika zile kumi na mbili ambazo wazee wetu wa falaki walizihesabu kwa majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Sarateni, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Hata hivyo, katika miaka niliyofundisha Kiswahili chuo cha ualimu, mara nyingi nilikutana na orodha za sayari ambamo majina ya Kausi na Sarateni yametundikwa kwenye sayari mbili za mwisho, huku Sumbula akivikwa Mshtarii aliyekuwa na jina lake tangu kale. Lililonistaajabisha zaidi ni Utaridi. Wanafalaki walilitumia jina hilo kwa sayari iliyo karibu kabisa na jua. Mimi nikalikuta limepewa Pluto, ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa wa mbali kuliko wote. Nafasi ya Utaridi ilikwisha kukaliwa na Zebaki. Nashuku kwamba mfasiri mmoja alilifungua neno la Kiingereza katika kamusi, akachukua madini na kuiacha sayari.

Mwanachuo mmoja aliwahi kuniuliza: “Mwalimu, kama Sarateni ni kaa, kaa huyo amefikaje huko?” Darasa lilicheka. Swali lilikuwa la haki, na mwalimu anayekwenda kufundisha watoto anastahili jibu.

Jibu limo katika historia ya darubini. Sayari tano zinazoonekana kwa macho matupu zilijulikana na kila taifa lililotazama juu, na majina yake yalitufikia pamoja na elimu ya falaki kutoka kwa Waarabu. William Herschel alipoigundua sayari ya saba mwaka 1781, na Johann Galle alipoiona ya nane kule Berlin mwaka 1846 kwa kufuata hesabu za Urbain Le Verrier, hapakuwa na jina la kale la Kiarabu la kurithi. Waarabu wenyewe waliyapokea majina ya Ulaya. Sisi, kwa kuona haya ya kukopa jina geni, tukang'oa majina ya buruji kutoka mahali pake, tukaharibu pawili kwa mara moja: buruji zikapoteza maana, na sayari hazikupata majina yanayoeleweka.

Rai yangu ni kwamba tuseme Urano, Neptuni na Pluto, kisha tuendelee na kazi. Jina la pekee halitii aibu kwa kuwa geni. Zuhura na Zohali nao waliletwa na jahazi.

Najua malenga watauliza habari ya mizani. Neptuni ni mizani mitatu au minne? Kwa kalamu ya nathari tuandike Neptuni. Katika utungo, mwenye haja ya mzani mmoja zaidi aseme Neputuni, kama tunavyosema labuda tangu zamani bila mtu kutushitaki. Mazida ni ruhusa iliyokwisha kutolewa.

Lakini majina ya pekee ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Nje ya Neptuni, iliyo mbali na jua mara 30 kuliko dunia yetu, kuna ukanda wa Kuiper, uliojaa vipande vya barafu na miamba, Pluto akiwa mmoja wao. Ndiyo maana mwaka 2006 akaitwa sayari kibete. Huko majina hayatoki tena Ugiriki na Roma peke yake. Haumea ametoka Hawaii, Makemake ametoka Rapa Nui, na Sedna, ambaye njia yake humpeleka mbali mno kupita ukanda wenyewe, ametoka kwa Wainuiti wa kaskazini ya dunia. Kipande kimoja kimepewa jina la binti mhanga wa masimulizi ya Wajuǀʼhoansi wa Kusini mwa Afrika, jina lenye sauti za kualika ulimi ambazo sisi hatuziwezi. Watu wachache kuliko wakazi wa wilaya moja ya kwetu wana jina lao katika ukanda wa Kuiper.

Kiswahili je? Mwaka 2019 Tanzania ilipewa nafasi ya kutaja nyota moja iliyo nje kabisa ya mfumo wa jua letu, pamoja na sayari yake. Nyota ikaitwa Mpingo, sayari ikaitwa Tanzanite. Nililifurahia lile la kwanza. La pili laonekana kama limetoka dukani. Kwa hiyo tunalo neno letu huko mbali kupita kiasi, ila njia nzima ya kufikia huko hatuna msamiati wa kuisimulia.

Chombo kilichofika mbali kuliko vyote, Voyager 1, kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977. Kina sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu katika lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo, na Kisotho, na hata Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo. Wengine huliona hilo kuwa dharau. Mimi halininyimi usingizi, kwa sababu salamu ile imekwenda kwa wasikilizaji ambao huenda hawapo kabisa. Linaloniudhi ni kwamba mtoto wa Tanga au Mombasa, aliyepo, hana namna ya kuelezwa kwa lugha yake mambo ambayo chombo hicho kimekutana nayo. Wala si kwamba maneno hayapo.

Tazama. Jua hutoa upepo wa chembe zenye umeme, uendao mamia ya kilomita kwa sekunde, ukipita sayari zote. Upepo huo hauendi milele. Nje yake kuna gesi nyembamba iliyotanda baina ya nyota, nayo huusukuma. Mwezi Desemba 2004 Voyager 1 ilifika mahali ambapo upepo wa jua unapunguza kasi kwa ghafla. Kuanzia hapo ikasafiri karibu miaka minane katika eneo la vurugu, ambamo upepo ulilegea. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba mwendo wake wa kuelekea nje umefikia sifuri. Ndipo tarehe 25 Agosti 2012 chombo kikauvuka ukingo, kikaingia katika anga la baina ya nyota.

Baharia yeyote wa pwani yetu anakifahamu kisa hiki. Upepo mmoja unakufa, mwingine haujashika, chombo kiko katikati. Majira hayo kati ya kusi na kaskazi tunayaita maleleji, au tanga mbili. Napendekeza eneo lile liitwe tanga mbili ya jua. Wanasayansi wamelipa jina lenye mizizi ya Kigiriki ambalo mwanafunzi hulikariri bila kuona kitu. Akisikia tanga mbili, aliyewahi kukaa ufukoni ameona tayari.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alinipinga akisema kwamba tanga mbili ni majira ilhali lile ni mahali. Ni hoja nzuri. Hata hivyo mahali hapo hapatulii: jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi wa kuchangamka na kupoa, na mpaka wa upepo wake husogea mbele na kurudi kwa kufuata mzunguko huo. Kwa hiyo lina majira yake pia.

Nilijaribu kuona kama utenzi waweza kufika huko bila istilahi hata moja. Nikapata ubeti huu:

Jua letu la fahari
kule ni taa bandari
iachwayo na safari
isiyo na wa kurudi.

Umefika, ila haukusema upepo ulikofia. Ubeti wa pili utahitaji neno.

Lililonishinda bado ni wingu la Oort. Linasadikiwa kuwa ghala la nyotamkia, nalo halijaonwa na darubini yoyote; Voyager 1 itahitaji miaka 300 hivi kufika ukingo wake wa ndani, na kama miaka 30,000 kulimaliza. “Wingu” ni neno la karibu mno kwa kitu kama hicho, maana wingu kwetu ni mvua ya jioni. Nimefikiria “kilindi”, lakini kilindi huenda chini. Mwenye neno aniandikie.