Darfur: si ukame peke yake

Wengi hutuuliza vipi watu wa Darfur, magharibi ya Sudan, Waislamu kwa Waislamu, wamefikia kuuana. Mwaka 2007 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alitaja mabadiliko ya tabianchi kuwa miongoni mwa sababu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Zamani wafugaji walishuka kusini kila kiangazi, wakalisha mifugo katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mkulima akapata samadi. Ugomvi ukizuka, wazee walikaa wakasuluhisha, diya ikalipwa. Ukame wa 1983 na 1984 ukaua mifugo. Wafugaji wakawa wanashuka mapema, mazao yangali shambani, na wakulima wakafunga njia. Wazee nao walishavuliwa madaraka tangu 1971, serikali ya Nimeiry ilipovunja utawala wa kijadi. Nani tena wa kusuluhisha?

Mwaka 2003 waasi walipoinuka, Khartoum ikawapa silaha baadhi ya wafugaji, wale walioitwa Janjaweed. Hilo halikuletwa na jua. Kutokana na hao likaundwa jeshi la RSF, ambalo Oktoba 2025 liliuteka mji wa El Fasher, walikokuwa wamekimbilia maelfu ya watu wa vita ile ya mwanzo.