Sikio la Mbwa Likijaa Damu



Siku moja kijana wa shule alifika mlangoni petu akimvuta mbwa kwa kamba. Mbwa yule alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na kila baada ya hatua chache alisimama akakitikisa kwa nguvu, hata masikio yake yakalia kama makofi. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba kama andazi. Kijana akatuambia: "Mwalimu, nyumbani wanasema mbwa huyu ameharibika. Baba mdogo alimpasua sikio kwa wembe, damu ikatoka nyingi, uvimbe ukaisha. Lakini siku ya tatu umerudi. Watu wanasema amerogwa. Baba ameamua auawe kesho. Je, hakuna dawa kweli?"

Tulimjibu kwamba dawa ipo, tena mbwa hakurogwa. Na kwa kuwa ugonjwa huu hutokea mara kwa mara, na mbwa wengi wamepigwa marungu bure kwa sababu yake, twapenda leo kuueleza kwa wazazi na vijana wote wafugao mbwa.

UVIMBE HUU NI NINI?

Lishikeni polepole sikio la mbwa mzima. Mtaona kwamba lina ngozi upande wa nje na ngozi upande wa ndani, na katikati mna gegedu, yaani kitu kigumu kidogo kipindikacho, kama kile kilicho katika sikio la mtu. Humo hupita mishipa midogo ya damu. Mbwa akitikisa kichwa mno, au akijikuna sana kwa makucha, mshipa hupasuka. Lakini ngozi haikutoboka, basi damu haina njia ya kutokea. Hujikusanya mle ndani na kuibandua ngozi kutoka katika gegedu, mara nyingi upande wa ndani wa sikio. Ndiyo maana uvimbe huu ni mwororo na wenye joto, na ukiguswa huchezacheza kama mfuko wa maji.

Hata watu hupatwa na jambo hilihili. Wachezao ngumi na mieleka hupigwa masikioni, damu ikajaa chini ya ngozi, na sikio lisipotunzwa hubaki limekunjamana maisha yote. Wala hakuna asemaye kwamba wamerogwa.

MTAFUTENI MAMA WA UVIMBE

Uvimbe ni mtoto; mama yake ni mwasho. Mbwa hatikisi kichwa bila sababu. Kwa hiyo mtu atakayeshughulikia uvimbe peke yake, asitazame ndani ya tundu la sikio, atafanya kazi ile ile mara mbili na mara tatu.

Sababu moja kubwa ni utitiri wa masikio. Ni wadudu wadogo mno, kama nukta nyeupe, ambao ni shida kuwaona kwa macho. Alama yao ni uchafu mweusi mkavu unaofanana na kahawa iliyosagwa. Wadudu hawa huhama upesi kutoka mbwa hata mbwa, na kutoka mbwa hata paka. Yai lao huchukua muda wa majuma 3 hivi hata kuwa mdudu mzima. Basi mwenye kutia dawa siku 2 tu na kuacha, huwaua wazazi na kuwaachia watoto nyumba.

Sababu nyingine ni kupe aliyejificha sikioni, au mbegu ya majani yenye miiba iliyoingia wakati wa kuwinda. Tena kuna vijidudu na ukungu viletavyo usaha na harufu mbaya, hasa katika masikio yaning'iniayo, maana humo hewa haipiti vizuri. Kuna mbwa ambao ngozi yao huwasha kwa sababu ya viroboto au ya chakula fulani kisichowapatana. Na mara nyingine ni jino la mbwa mwenzake tu. Mbwa wetu wa kuwinda wa Kongo, wale wanaofungwa kengele za mti shingoni na ambao wageni huwaita Basenji, wana masikio yaliyosimama na kupata hewa. Lakini hata hao utitiri hauwahurumii.

KWA NINI WEMBE HAUKUFAA?

Baba mdogo wa kijana yule hakuwa na nia mbaya. Aliona maji, akayafungulia njia. Lakini kati ya ngozi na gegedu palibaki nafasi tupu, na mbwa aliendelea kutikisa kichwa kwa sababu mwasho haukuondoka. Kidonda kilipoziba, damu ilijaa tena. Hata daktari akiitoa damu kwa sindano tu, mara nyingi hurudi baada ya siku chache. Zaidi ya hayo, wembe usiochemshwa huingiza uchafu, na damu iliyotuama ni chakula kizuri cha vijidudu viletavyo usaha.

Daktari wa wanyama hufanya namna nyingine. Humpa mbwa dawa ya usingizi, hukata ngozi upande wa ndani wa sikio, husafisha damu iliyoganda, kisha hupitisha nyuzi nyingi ndogondogo zinazoishikiza ngozi kwenye gegedu, ili nafasi ile tupu isiwepo tena. Mahali alipokata huacha wazi kidogo, ili maji yaliyobaki yapate kutoka. Madaktari wengine huweka mrija mdogo wa kutolea maji kwa majuma machache. Na wengine hutoa damu kwa sindano na kutia dawa ya kutuliza uvimbe. Namna zote hizi zaweza kufaa, mradi mwasho nao utibiwe.

Na asiyeweza kumfikia daktari? Asikate tamaa, wala asikate sikio. Uvimbe huu peke yake hauui. Ukiachwa, damu hunywewa na mwili polepole, lakini sikio hujikunja na kuwa gumu kama jani lililokauka, na mbwa huumia siku nyingi. Mara nyingine mkunjo huo huziba tundu la sikio na kuzidisha ugonjwa wa ndani.

SIKU ZA KUPONA

Kupona hutaka saburi. Nyuzi hukaa majuma 2 au 3, wala msizitoe wenyewe kwa kuwa sikio laonekana zuri. Siku za kwanza maji yenye damu yatatoka kidogo. Hayo si mabaya. Yafuteni kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mfungeni mbwa mahali pakavu penye kivuli, asiwinde wala asipigane. Nzi msiwaruhusu kukaa juu ya kidonda, maana hutaga mayai na kuleta mabuu.

Mzuieni mbwa asijikune. Chukueni ndoo nyepesi ya plastiki iliyozeeka, mkate kitako chake tundu la kupitisha kichwa, mzungushie kitambaa pembeni ili isimkate, kisha mumvalishe na kuifunga kwenye kamba ya shingo. Kati ya kamba na shingo vidole 2 vya mtu vipite bila shida. Wakati wa kula mwondoleeni huku mkimwangalia, kisha mrudishieni. Kama daktari ameagiza sikio lifungwe kwa kitambaa juu ya kichwa, angalieni kila mara kwamba kitambaa hakimkabi koo.

Mkiona usaha, harufu mbaya, uvimbe kurudi, au mbwa amekataa chakula, au anakwenda kichwa upande na kuyumba, mrudisheni kwa daktari bila kukawia.

MAMBO YA KUEPUKA

Msitie sikioni petroli, mafuta ya gari, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Msimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu. Vingine, kama ibuprofeni, ni sumu kwake. Dawa ya sindano ya ng'ombe msimkadirie kwa macho: ng'ombe ana uzito wa kilo mamia, mbwa ana kilo chache. Wala msichokoe tundu la sikio kwa kijiti.

Tena, mbwa mwenye maumivu huuma hata bwana wake. Mfungeni mdomo kwa kitambaa kabla ya kumgusa, na watoto wakae mbali. Kutikisa kichwa si dalili ya kichaa cha mbwa. Lakini mbwa akibadilika tabia, akauma ovyo, akatokwa mate na kushindwa kumeza, msimguse kabisa. Waiteni wenye mamlaka. Na mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara hiyo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuchanjwa, maana ugonjwa huo ukikwisha kujionyesha, karibu hakuna aponaye. Ni heri mbwa wote wachanjwe mapema.

Mbwa wa yule kijana alikuwaje? Tulikwenda pamoja naye kumwona baba yake, tukamwomba ampe mbwa mwezi mmoja tu. Mzee alikubali kwa shida, akisema kwamba mbwa yule ndiye mlinzi wa mbuzi zake. Daktari alikuta sikio limejaa uchafu mweusi wa utitiri, na sikio la pili vilevile. Alishona moja, akatia dawa yote mawili, akaagiza paka wa nyumbani naye atibiwe. Majuma 2 na zaidi mbwa alitembea amevaa ndoo kichwani, na watoto wa kijiji walimcheka sana. Siku ya 18 nyuzi zikatolewa. Sikio limebaki nene kidogo, ncha yake imepinda. Lakini halikuvimba tena, na kichwa chake kimetulia.

Baba wa kijana alipotuona juzi, alituonyesha mbwa amelala mbele ya zizi. Hakusema mengi. Alisema tu: "Usiku wa juma lililopita alibweka, nikatoka, nikakuta mwizi ameshika kamba ya mbuzi." Kisha akamtupia mbwa kipande cha ugali.

Basi wazazi na vijana, kila Jumamosi geuzeni masikio ya mbwa wenu, mtazame na kunusa. Ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.