Tufundisheni Kukataa Kwanza

Kila kijana wa kikundi chetu anayeanza Kiholanzi kwenye simu anakuja na neno lile lile: dank je wel, asante. Na wanaotufundisha wanaanzia hapo hapo, kusalimu na kushukuru. Mimi napinga. Mkimbizi ameshukuru miaka yote, kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya mgao. Anzeni na kukataa.

Sababu ni hii. Sisi tunakanusha mwanzoni: sitaki, siendi, sielewi. Ukifungua mdomo tu, mtu ameshajua. Mholanzi mara nyingi anakuja kukanusha mwishoni: ik begrijp het niet, sielewi. Sasa wewe ukiogopa ukakatisha kabla ya niet, umeshasema "naelewa". Na karatasi inasogezwa mbele yako usaini.

Tena wana maneno mawili. Geen inakaa mbele ya jina la kitu ambacho hakijatajwa ni kipi: ik heb geen geld, sina pesa, ik heb geen kinderen, sina watoto. Niet ni ya yale mengine. Ik ken die man niet, simjui yule mwanaume. Ik ben niet ziek, mimi si mgonjwa. Hapo niet inatangulia sifa. Si mambo ya chuo kikuu haya. Ni somo la asubuhi moja.

Lakini kuna la hatari zaidi. Sisi tukiulizwa, "Huna mtoto?" tunajibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sina. Kwa Kiholanzi, kama huna unajibu nee. Kama unaye, unajibu jawel. Ja peke yake inaleta mkanganyiko. Kiingereza nacho kina mtego huo huo, na mimi ulinikamata. Nilikuwa na miaka 16, nikaulizwa kupitia mkalimani, "Huna ndugu mwingine aliye hai?" Nikajibu, "Ndiyo." Ikaandikwa ninaye. Mahojiano yaliyofuata nikasema sina, nikaambiwa maelezo yangu yanapingana. Jamani, sikudanganya. Nilijibu Kiswahili sanifu!

Najua mtaniambia wanaopelekwa Uholanzi au Ubelgiji ni wachache, na adabu ndiyo inafungua milango. Sawa, ni wachache. Lakini hao wachache ndio watakaokaa mbele ya daktari, mwenye nyumba na afisa, bila mjomba wala shangazi wa kuwasemea. Daktari akiuliza, "Huna maumivu?" adabu haitajibu. Na adabu si kuitikia kila kitu. Bibi yangu alikuwa na adabu, na alikataa mambo mengi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, nawaomba mawili. Mkituhoji, msiulize kwa kukanusha. Ulizeni, "Una ndugu?", halafu acheni tujibu. Na mkifundisha lugha yoyote ile, somo la kwanza liwe la kukataa.

Sisi kikundi cha vijana hatusubiri. Kila Jumamosi mmoja anakuwa afisa, mwingine mgeni, na wote tunasema hadi neno la mwisho: ik begrijp het niet. Ik teken dit niet, sisaini hii. Asante tutaisema pia, zamu yake ikifika.