Jiko la spiriti: mkebe ni rahisi, kazi iko kwenye chupa

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na itakuja. Leo mniruhusu niandike juu ya jiko. Ndiyo, jiko la kupikia chai.

Wale wa zamani watakumbuka niliwahi kulisifu sana jiko la mkebe wa soda linalowaka kwa spiriti. Nililiita programu huria ya jikoni: mchoro uko wazi, vifaa viko jalalani, mtu yeyote anaweza kulinakili na kuliboresha bila kumwomba mtu ruhusa. Hayo bado nayaamini. Lakini mwishoni nikaongeza sentensi moja, kwamba likisambazwa vijijini litapunguza ukataji miti. Sentensi hiyo naifuta leo, na nitawaeleza kwa nini. Nilikuwa Bangale siku mbili, wiki ya kwanza ya Februari mwaka huu wa 2026.

Kwa asiyepajua, Bangale iko Kaunti ya Tana River, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Garissa, ukishapita Mwingi na Ukasi na kabla hujafika Madogo. Wengi huipita wakiwa wamelala kwenye basi. Jina la kaunti lisikudanganye: mto wenyewe uko mbali, na hapa ni nchi kavu ya migunga, ngamia na mbuzi. Rafiki yangu alikuwa na kazi ya kufunga paneli za jua, nami nikamfuata kwa udadisi tu. Tulipiga hema pembeni ya boma la mzee mmoja Muorma aliyetupokea vizuri mno. Mtungi mdogo wa gesi sikuubeba, kwa sababu sipendi kusafiri na gesi kwenye basi lenye joto. Nikabeba mkebe wangu na lita moja ya spiriti.

Jiko lenyewe ni hili. Chukua mkebe wa soda wa alumini, uoshe, ukate kwa mkasi ubaki na kitako chenye kimo cha sentimita 5 hivi. Ukingo utakuwa mkali kama wembe, kwa hiyo ukunje kwa ndani ukitumia koleo. Chini kidogo ya ukingo toboa matundu 12 kuzunguka, kwa panchi ile ya kutobolea karatasi ofisini. Basi, umemaliza. Hakuna gundi wala skrubu, na ukiliharibu unaanza upya kwa mkebe mwingine. La kwanza lilinichukua dakika 40 na plasta mbili za vidoleni. La nne lilinichukua dakika 10.

Kulitumia, panga mawe matatu yanayolingana, yaani mafiga yale yale ya bibi yako, uweke mkebe katikati. Acha mwanya wa vidole viwili kati ya mdomo wa mkebe na kitako cha sufuria. Zungushia kipande cha bati kuzuia upepo. Mimina mililita 25, uweke chupa mbali, ndipo uwashe. Mwanzo moto huwa wa uvivu. Baada ya nusu dakika hivi spiriti hupata joto na kuanza kuchemka, maana yenyewe huchemka kwenye nyuzi 78, mapema kuliko maji. Hapo mvuke hutoka kwa wingi na moto hupata nguvu. Hakuna moshi, hakuna masizi. Si uvumbuzi wangu wala wa kijana yeyote wa intaneti: kampuni ya Trangia ya Uswidi ilitoa jiko lake la spiriti la kuhimili dhoruba mwaka 1951, na wapanda milima hulibeba hadi leo.

Mimi ni mtu wa kupima, kwa hiyo nilikwenda na sirinji ya dawa. Nusu lita ya maji ilichemka kwa dakika 9. Maji ya Bangale hayaanzi baridi, yalikuwa kama nyuzi 30 ndani ya dumu. Kuyapandisha hadi 100 kunahitaji kilojuli 146 hivi. Mililita 25 za spiriti zina kilojuli kama 480. Kwa hiyo chini kidogo ya theluthi moja ya joto iliingia kwenye chai, na iliyobaki ikaipasha Bangale, ambayo haikuomba.

Jioni ya kwanza ilikuwa kama maonyesho. Watoto walikaa duara, na moto wa buluu ukicheza ndani ya mkebe wa soda ulipendeza kweli. Mzee mwenyeji wetu aliniuliza, "Hiki kinachowaka ni nini, mwanangu?" Nikamwambia spiriti. Akauliza kama ni pombe. Nikajibu kwamba asili yake ni pombe, ila imetiwa sumu ili isinywewe. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni mbaya mara mbili." Tulicheka wote. Usiku ndani ya hema sikucheka sana, kwa sababu katika mazungumzo yangu yote ya kulisifu jiko hili sijawahi kumfikiria mtu ambaye hataki chupa hiyo iingie nyumbani kwake. Wala hakuwa akinitania. Katika nyumba ya Kiislamu hilo ni swali halali, na mimi si mtu wa kulitolea fatwa.

Mchana wa siku ya pili ndipo mambo yalipokaribia kuharibika. Jua la saa saba, joto la kukufanya usitake kusema. Nilikuwa napika chai nje. Kijana wa mzee, wa miaka kama tisa, alikuwa msaidizi wangu tangu jana yake, na alishajua hatua zote kwa kichwa. Nikatazama mkebe, nikaona moto umezimika na maji hayajachemka. Nikamwambia, "Lete chupa, ongeza kidogo." Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Kijana akafungua kifuniko, akainama.

Mama yake akapiga ukelele kutoka mlangoni, kwa Kiorma. Sikuelewa hata neno moja, lakini mtoto aliganda pale pale na chupa mkononi. Mama akaja, akamvuta nyuma kwa shati, akaokota unyasi mkavu na kuupeleka juu ya mkebe. Ukashika moto.

Moto haukuwa umezimika. Spiriti huwaka kwa mwali wa buluu hafifu sana, na kwenye jua kali mwali huo hauonekani kabisa. Yeye alikuwa ameona jani karibu na jiko likijikunja na kuwa jeusi bila sababu. Angechelewa kidogo, mtoto angemimina spiriti kwenye moto, mwali ungepanda kwenye mkondo hadi chupani, na chupa ya plastiki ya lita moja ingemlipukia kifuani. Hospitali kubwa ya karibu iko Garissa, ng'ambo ya Tana. Nilikaa chini. Chai ile sikuinywa.

Nimeandika programu miaka mingi, na najua jina la hitilafu ya namna hii: mfumo usioonyesha hali yake. Ukitengeneza programu ambayo mtumiaji hawezi kujua kama inaendesha kazi au imesimama, halafu akabonyeza kitufe mara ya pili na kufuta data zake, lawama si yake. Ni yako. Katika kazi yetu tumezoea kumcheka mtumiaji. Siku ile mtumiaji alikuwa mtoto aliyefuata maelekezo yangu neno kwa neno, na aliyeiona hitilafu ni mama ambaye hajawahi kuona jiko la spiriti maishani mwake, ila anaujua moto.

Kuna marekebisho madogo. Punje za chumvi ndani ya mkebe huupa mwali rangi ya njano, ingawa chumvi nayo huila alumini polepole. Unaweza kupima kwa unyasi mkavu kama alivyofanya yule mama. Kinga ya kweli ni sheria moja: haiongezwi spiriti kwenye mkebe ambao haujapoa kiasi cha kushikwa kwa mkono, hata kama una hakika umezimika. Mimi nilikuwa na hakika. Na usibebe lita nzima karibu na moto, bebea kipimo cha mara moja kwenye kichupa kidogo.

Lakini jioni nilipoanza kuandika marekebisho hayo kwenye daftari, nikagundua najidanganya. Nilikuwa narekebisha mkebe, na mkebe ndiyo sehemu rahisi.

Nilizunguka madukani kutafuta spiriti ya kuongeza. Maduka niliyoingia hayakuwa nayo. Duka la dawa lilikuwa na vichupa vidogo vya spiriti ya kusafishia vidonda, ambayo ina maji mengi, huwaka kwa shida, na kwa bei ile ungepika chai ya kifalme. Kisha nikapiga hesabu ya familia ile ninayoiona mbele yangu: chai ya asubuhi lita 2, chakula cha mchana, chai ya jioni, chakula cha usiku. Kwa vipimo vyangu ni karibu nusu lita ya spiriti kwa siku, lita 15 kwa mwezi. Nani atazileta? Ethanoli ya Kenya inatokana zaidi na molasi ya miwa, magharibi mwa nchi, kule Muhoroni na jirani zake. Lori lije kutoka huko hadi Bangale kila mwezi, kumwuzia mtu ambaye kuni anaziokota bure, au makaa yamepangwa kwa magunia kando ya barabara?

Tena hili si swali la vijijini peke yake. KOKO ilianza kuuza ethanoli ya kupikia Nairobi mwaka 2019, kwa mashine zilizokaa ndani ya maduka ya mitaani na mitungi iliyoingia kwenye mashine hizo tu. Kwa uhandisi ilikuwa kazi nzuri, nami niliwahi kuwasifia programu yao. Ilifikia kaya zaidi ya milioni moja. Bei ya chini ilitegemea mauzo ya hati za kaboni nje ya nchi, idhini ya serikali ya kuziuza haikupatikana, na mwisho wa Januari 2026 kampuni ikafunga shughuli zake. Jiko zuri, la chuma, lenye uhai wa miaka, likawa pambo kwa sababu chupa haijazwi tena. Hiyo ni mijini, palipo na barabara, wateja na mtaji. Mimi nilitaka kufanya hivyo Bangale kwa mkebe wa soda.

Serikali nayo ilijaribu njia yake. Februari 2018 ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikaondolewa Julai 2023. Magunia ya makaa sijayaona yakipungua barabarani. Anayeyauza ana karo ya kulipa na mbuzi waliokufa kwa ukame, na anayeyanunua mjini ana sufuria inayongoja. Hakuna kati yao anayekosa jiko.

Kwa hiyo maoni yangu sasa ni haya. Jiko la mkebe ni chombo cha msafiri mzima, mwenye chupa moja, safari ya siku mbili tatu, na asiye na mtoto karibu. Kwa huyo ni zuri kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa. Sitaki tena kuona mtu, awe mwanafunzi wa uhandisi au shirika lenye fulana za rangi moja, akipeleka mikebe kijijini kufundisha watu kupika, kisha apige picha na kuondoka. Akitaka kupeleka ethanoli, aanze na ratiba ya lori, bei ya lita, na mahali pa kufungia ghala. Akishindwa hapo, asitoboe hata tundu moja. Kama ni kupunguza kukata migunga, heri azungumze na watu kuhusu mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 ukaenea mpaka ukawa kero, ambao kuni na makaa yake ni mazuri na hakuna atakayeulilia.

Jambo la mwisho, ni la chupa. Spiriti ya kuwashia huwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Novemba 2000 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, na Mei 2014 ikaua makumi wengine Embu, Kitui na kwingineko. Kitui ndiyo kaunti unayoipita kabla ya kuingia Bangale. Chupa ya maji ya kunywa yenye kimiminika cha zambarau ndani, ikiachwa kwenye boma lenye watoto, haina maelezo yoyote juu yake.

Mzee alikuwa ameniomba, jioni ile ya kwanza, nimwachie jiko moja kwa ajili ya machungani. Nilikubali. Asubuhi ya kuondoka nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, samahani, sitaliacha." Hakuuliza sababu. Mama kijana alikuwa ameshatuchemshia chai ya maziwa ya ngamia, kwenye mafiga, kwa vijiti vitatu vya mgunga uliokauka, na ilikuwa tayari kabla sijamaliza kukunja hema.

Wanaotaka mchoro wa mkebe waniandikie, nitawatumia. Chupa yangu sasa ni ya chuma, nimeipaka rangi nyekundu, na nimeandika SUMU kwa Kiswahili. Kwa Kiorma bado natafuta wa kuniandikia.